Kumnusuru wa Mbali Pasipo Kumwaga Damu



Mzazi mmoja wa Mikese, katika Mkoa wa Morogoro, ametuletea swali ambalo twaona halimhusu yeye peke yake. Mwanawe yuko chuoni, na yeye na wenziwe wamekusanyika kuwaunga mkono watu wa nchi nyingine wanaodai haki ya kujichagulia serikali yao. Mzazi huyo auliza mambo mawili. Kwanza, yamhusu nini kijana wa Mikese mambo ya watu wa mbali ambao hajapata kuwaona kwa macho? Pili, ikiwa yamhusu, ataliingia vipi jambo hilo asije akarudi nyumbani na damu mikononi, au asirudi kabisa?

Maswali haya ni mazito, wala hayajibiki kwa neno moja. Wako wazazi ambao jawabu lao ni kumfungia kijana mlango na kumwambia asome tu, ya dunia awaachie wenyewe. Wako na vijana wanaodhani kwamba asiyeshika jiwe hana imani. Sisi twaona kwamba wote wawili wamekosea njia, na twataka kueleza kwa nini.

Tuanze na swali la kwanza. Kila aliyesoma Sira anajua habari ya kiapo kiitwacho Hilful-Fudhul. Mtu mgeni kutoka Zabid, katika nchi ya Yemen, alileta bidhaa Makka, akamwuzia al-As bin Wail, mkubwa katika wakubwa wa Makureshi. Al-As akachukua mali na asilipe. Mgeni yule hakuwa na ukoo wala mlinzi katika mji ule. Akapanda juu ya kilima cha Abu Qubays akapaza sauti kuomba haki yake. Ndipo watu kadhaa wakakutana katika nyumba ya Abdallah bin Jud'an, wakaapa kwamba watakuwa mkono mmoja pamoja na kila aliyedhulumiwa Makka, awe mwenyeji au mgeni, mpaka apate haki yake. Kisha wakamwendea al-As, na mali ikarudi kwa mwenyewe.

Katika kikao kile alikuwamo kijana wa miaka ishirini hivi, naye ni Muhammad bin Abdallah (s.a.w.), kabla hajapewa Utume. Naye hata baada ya Utume alikisifu kiapo kile, na akaeleza kwamba lau angeitwa tena katika jambo kama lile angeitika. Tuyaangalie vizuri mambo matatu yaliyomo humo. Aliyedhulumiwa alikuwa mgeni. Waliomnusuru hawakuwa na faida katika mali yake. Na haki ilipatikana kwa watu kusimama pamoja, wala hakuna damu iliyomwagika. Basi mwenye kusema kwamba mambo ya watu wa mbali hayamhusu kijana Mwislamu, na aisome tena habari hii.

Na watu wa Morogoro hawana haja ya kwenda Makka tu kutafuta mfano. Mikese ni kituo cha reli ya kati, na barabara kuu itokayo Dar es Salaam yapita hapo kabla ya kuufikia mji wa Morogoro. Njia hiyo imepitisha wageni wengi, na miongoni mwao walikuwa watoto wa Afrika ya Kusini.

Tarehe 16 Juni, 1976, wanafunzi wa Soweto, karibu na Johannesburg, waliandamana kwa sababu serikali ya Makaburu iliamuru kwamba baadhi ya masomo yao yafundishwe kwa Kiafrikaans, lugha ya watawala. Walikuwa watoto wa shule waliobeba mabango. Polisi wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliokufa siku ile ni Hector Pieterson, mtoto wa miaka 12. Baada ya hapo maelfu ya vijana wakaikimbia nchi yao, na wengi wao wakafika Tanzania. Mwaka 1977 serikali yetu ikakipa chama cha ANC shamba la zamani la mkonge pale Mazimbu, nje kidogo ya mji wa Morogoro, ili wajenge shule. Mwaka uliofuata ujenzi ukaanza. Palikuwa na vichaka na majumba yaliyochakaa. Baada ya miaka michache pakawa na madarasa, mabweni, hospitali, karakana ya samani, mashamba na mifugo, na wanafunzi wenyewe walisoma na kufanya kazi za mikono. Mwaka 1982 wakaongezewa ardhi Dakawa. Tarehe 22 Agosti, 1985, Oliver Tambo, kiongozi wa ANC, akaifungua shule ya Mazimbu rasmi. Mwaka 1992 majengo yote yalikabidhiwa kwa Tanzania, na leo Mazimbu ni kampasi ya Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, ambako watoto wetu wenyewe wanasoma. Makaburi ya wale waliofia ugenini yangalipo pale.

Twapenda vijana wajue pia ni nani aliyechangia majengo hayo. Nchi yetu ilitoa ardhi na amani, walakini fedha nyingi zilitoka kwa watu wa nchi za mbali. Katika nchi za Skandinavia wanafunzi wa sekondari wana desturi ya kuacha masomo siku moja, wakaenda kufanya kazi ya ujira, huyu akifagia ua, yule akipanga bidhaa dukani, na ujira wote wakauchanga kwa ajili ya elimu ya vijana wa nchi nyingine. Sehemu ya fedha za namna hiyo ilifika Mazimbu. Wanafunzi hao hawakuwajua wale waliowasaidia, wala hawakurusha jiwe hata moja. Walitoa jasho la siku moja tu, na jasho hilo likawa tofali.

Tukija katika swali la pili, twasema kwamba njia ya kudai haki pasipo kumpiga mtu si njia ngeni kwa Waislamu. Wengi wanadhani kwamba ilizuliwa na Gandhi peke yake. Gandhi alikwenda Afrika ya Kusini mwaka 1893 kufanya kazi ya sheria kwa mfanyabiashara Mwislamu, Dada Abdulla. Serikali ya Transvaal ilipoandaa sheria ya kuwalazimisha Wahindi wote kuandikishwa kwa alama za vidole, mkutano mkubwa ulifanyika Johannesburg tarehe 11 Septemba, 1906. Katika mkutano ule Haji Habib, mzee wa Kiislamu, ndiye aliyesimama akapendekeza kwamba uamuzi wa kuikataa sheria ile uwe ni kiapo mbele ya Mwenyezi Mungu. Gandhi mwenyewe ameeleza kwamba alishtuka, maana alijua kiapo kwa jina la Mungu hakichezewi. Na tarehe 16 Agosti, 1908, watu walikusanyika nje ya Msikiti wa Hamidia katika mji huohuo, wakazitia vyeti vyao vya kuandikishwa katika sufuria kubwa na kuviteketeza, kwa maelfu. Hawakuchoma nyumba wala mali ya mtu. Walichoma karatasi zao wenyewe, na wakawa tayari kwenda jela kwa ajili yake.

Katika miaka iliyofuata, Mwislamu mwingine wa nchi ile alilipa kwa roho yake. Imam Abdullah Haron wa Cape Town alikuwa akiwapelekea misaada wake na watoto wa watu waliofungwa kwa ajili ya siasa. Alikamatwa mwezi wa Mei 1969, akazuiwa miezi minne, akafa mikononi mwa polisi tarehe 27 Septemba. Polisi walisema alianguka ngazini. Jamaa zake hawakuacha kudai ukweli, wala hawakumwendea mtu kwa kisasi. Mwaka 2023, yaani miaka 54 baadaye, mahakama ilitamka kwamba aliteswa. Huo ndio urefu wa subira unaotakikana katika njia hii, na kijana anayeiingia na aujue mapema.

Nje ya Afrika ya Kusini silaha iliyotumiwa na watu wa kawaida ilikuwa ni kususa. Tarehe 26 Juni, 1959, ulifanyika mkutano mjini London wa kuwataka watu wasinunue matunda na bidhaa za Afrika ya Kusini. Miongoni mwa wasemaji alikuwa Julius Nyerere, wakati ule kiongozi wa TANU, na Tanganyika ilikuwa bado haijapata uhuru wake. Watu ambao wenyewe walikuwa wakitawaliwa hawakungoja kwanza waneemeke ndipo wawafikirie wenziwao. Baadaye wanafunzi wa vyuo vya Uingereza waliisusa benki ya Barclays kwa sababu ya biashara yake kule. Mwaka baada ya mwaka walikataa kufungua hesabu zao katika benki hiyo, hata mwaka 1986 ikatangaza kwamba yaondoka Afrika ya Kusini. Mwanafunzi mmoja kuweka fedha zake kwingine ni jambo dogo. Lakini kizazi kizima cha wanafunzi kikifanya hivyo, wakubwa wa benki hulazimika kupiga hesabu upya.

Sasa yatupasa tuseme na upande wa makosa, ili tusiwadanganye vijana wetu. Tarehe 11 Novemba, 1965, Ian Smith na walowezi wenziwe waliitwaa Rhodesia, nchi iitwayo leo Zimbabwe, wakajitangazia uhuru wa wachache. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam waliandamana hadi kwenye ofisi za ubalozi wa Uingereza kwa hasira, na hasira yao ilikuwa ya haki. Walakini walipofika pale walivunja vioo na kuharibu mali. Rais Nyerere aliwakemea, akawataka waombe radhi. Wala hakufanya hivyo kwa kuiogopa Uingereza, kwani mwezi uliofuata, tarehe 15 Desemba, Tanzania ilivunja uhusiano wa kibalozi na Uingereza kwa ajili ya jambo hilohilo, na kwa sababu hiyo ikakosa mkopo wa pauni milioni saba na nusu. Mfano huu una mafunzo. Vioo vilivyovunjwa havikumdhuru Ian Smith hata kidogo. Uamuzi wa serikali uligharimu nchi maskini fedha nyingi, lakini ulisikiwa dunia nzima, wala haukumjeruhi karani wala mlinzi wa ofisi.

Wazee wa Uluguru nao wanalo la kusimulia. Serikali ya Waingereza ilipowalazimisha Waluguru kuchimba matuta milimani katika miaka ya 1950, watu wengi waliona kazi ile ni ngumu na haina faida. Nguvu yao kubwa ilikuwa ni kukataa kuchimba. Zilipotokea fujo Matombo mwezi wa Julai 1955, polisi walifyatua risasi na mtu akauawa. Lakini mpango wenyewe uliporomoka, kwa kuwa jembe halichimbi mpaka lishikwe, na watu walikuwa wameliweka chini.

Twajua kwamba wako watakaotupinga. Watasema: Je, ANC nayo haikushika bunduki? Na shule ya Mazimbu haikuitwa kwa jina la Solomon Mahlangu, mpiganaji aliyenyongwa na Makaburu tarehe 6 Aprili, 1979, naye ni kijana wa miaka 22? Ni kweli, wala hatutaificha kweli hiyo. ANC iliunda jeshi lake mwaka 1961, baada ya polisi kuua watu 69 pale Sharpeville mwezi wa Machi 1960 na baada ya chama chenyewe kupigwa marufuku. Watu waliofikishwa mahali pale walifanya uamuzi wao, na hesabu yao iko kwa Mola wao. Sisi hatukai Mikese tukawahukumu.

Lakini tutofautishe mambo mawili. Mwenye nyumba inayoungua ni mmoja, na jirani aliyekuja kumsaidia ni mwingine. Mwanafunzi wa Tanzania, wa Uingereza au wa Skandinavia hakuwa na ruhusa ya kuchagua vita kwa niaba ya watu wa Soweto. Alichokuwa nacho ni mkono wake, ulimi wake, fedha zake na mlango wa nyumba yake, na alipovitumia hivyo aliwafaa. Tena tukumbuke kwamba Makaburu walikuwa na ndege, vifaru na magereza, wala hawakushindwa kwa silaha peke yake. Migomo ya wafanyakazi, madarasa yaliyoachwa matupu, biashara iliyosusiwa na mabenki yaliyokimbia, hayo yote yaliwakalisha mezani. Tarehe 27 Aprili, 1994, watu wa rangi zote wakapanga mstari wakapiga kura.

Mikese yenyewe imepata kuonja vita vya watu wengine. Katika mwaka 1916 majeshi ya Waingereza yalipowafukuza Wajerumani kuelekea Rufiji, kituo cha Mikese kilifanywa ghala la vyakula na risasi. Kutoka hapo mizigo ilibebwa juu ya vichwa vya Waafrika katika mvua na matope, na wapagazi wengi sana wa vita vile walikufa kwa njaa na maradhi. Ugomvi ulikuwa wa wafalme wa Ulaya, na vichwa vilivyobeba mizigo vilikuwa vya watoto wa nchi hii.

Twayasema haya kwa sababu hatari hiyo ingalipo, tena imevaa nguo nyingine. Katika miaka ya karibuni vijana wa Afrika ya Mashariki wameitwa na makundi ya silaha ya Somalia na ya kaskazini ya Msumbiji, na wanaoitwa huambiwa kwamba wanakwenda kuwanusuru ndugu zao. Mwito huanza kwa picha za wanaodhulumiwa, picha nyingine za kweli kabisa, na mwisho wake ni kijana kuchinja mwanakijiji aliyekuwa amelala. Hilo si kumnusuru mtu. Mzazi anayemfungia kijana mlango asimpe njia halali ya kuwasaidia wanaodhulumiwa, na ajue kwamba yuko mtu mwingine anayemngoja nje kwa njia ya haramu.

Na asiseme mtu kwamba Waislamu wa zama hizi hawajui njia ya amani. Watu wa Sudan walitoka mabarabarani mwezi wa Desemba 1918? Hasha, ni juzi tu, Desemba 2018, bei ya mkate ilipopanda. Wanafunzi, madaktari, walimu na akina mama walikusanyika kwa neno moja, silmiyya, yaani kwa amani. Tarehe 11 Aprili, 2019, Omar al-Bashir aliondolewa baada ya miaka 30 ya utawala. Hatusemi kwamba mambo yalikwisha kwa heri. Tarehe 3 Juni mwaka uleule watu waliokaa mbele ya makao ya jeshi walishambuliwa, wakauawa wengi, na tarehe 15 Aprili, 2023, majenerali wawili wakaiingiza nchi katika vita vikubwa. Lakini tuulize: waliobomoa Khartoum ni akina nani? Ni wenye bunduki, si wale waliokaa chini wakaimba. Wakati huo Tanzania iliwarudisha nyumbani watu wake kutoka Sudan, wengi wao wanafunzi, na Chuo Kikuu cha Afya cha Muhimbili kikawapokea wanafunzi wa udaktari kutoka Khartoum ili wasikatikiwe na masomo yao. Twaona kwamba mlango uliofunguliwa Muhimbili ni ndugu wa ule uliofunguliwa Mazimbu.

Basi kwa kijana anayetaka kuingia katika jambo kama hili, twatoa nasaha hizi.

Kwanza, ajue habari kabla ya kupaza sauti. Asome, aulize, alinganishe maneno ya pande zote, wala asieneze picha ambayo hajui ilipigwa wapi na lini. Anayemtetea aliyedhulumiwa kwa uongo humwongezea dhuluma, kwa sababu uongo ukifichuka hata ukweli wake hautasadikiwa.

Pili, afuate sheria ya nchi. Kama ni maandamano, taarifa ipelekwe polisi saa 48 kabla, na pawe na watu wanaojulikana wa kuyaongoza. Yakizuiwa, ziko njia nyingine: barua, mihadhara, kususa bidhaa, mchango.

Tatu, aliyerusha jiwe asihesabiwe kuwa shujaa. Wenziwe wamkataze palepale, maana jiwe lake moja litakuwa habari ya siku ile, na mabango mia ya wenziwe hayataonekana na mtu.

Nne, mchango uwe na daftari. Fedha iliyokusanywa kwa jina la wenye shida ni amana, na iandikwe ilivyoingia na ilivyotoka, hata ikiwa ni shilingi mia.

Tano, aanze na mgeni aliye karibu. Kama chuoni pana mwanafunzi mkimbizi, amkaribishe futari, amsaidie lugha na masomo. Kumpenda mtu aliye maili elfu mbili ni rahisi kuliko kumvumilia anayelala kitanda cha pili.

Nanyi wazazi, keti na kijana wako. Mwulize wanaoongoza kundi lake ni nani, fedha zao zinatoka wapi, na wanasemaje juu ya damu ya watu. Ukiona majibu ni ya wazi, usimkataze, bali mpe dua na nauli. Ukiona wanaficha majina na kuwataka vijana wasiwaambie wazazi wao, hapo ndipo pa kumshika mkono. Jambo la haki halina haja ya kufichwa kwa mama.

Mwenyezi Mungu awape faraja wanaodhulumiwa popote walipo, awajaalie vijana wetu kuwa wenye kunusuru na wasiwe wenye kudhulumu, na aihifadhi mikono yao na damu ya watu. Amin.